Gauni la Kompyuta

Nyumba yangu ya Bwera haina kitu kilicho uchi. Viti vina vitambaa, redio ina kitambaa, meza ina kitambaa kikubwa na juu yake kingine kidogo cha kuwekea thamosi. Hata mtungi wa maji una kofia yake. Vyote nimevifuma mimi, nikiwa nimekaa sokoni nyuma ya chumvi yangu ya Katwe nikingoja wateja. Mgeni akiingia kwangu, atasema, "Mama, nyumba yako inapendeza." Asiposema, nangoja. Mwishowe atasema.

Nawaambia haya ili mnijue kwanza. Mimi ni mtu wa kusifiwa, na nilizoea hivyo. Shule niliiacha mapema. Kiswahili nilikipata kambini, maana marehemu mume wangu alikuwa askari, kisha nikakinoa hapa mpakani mwa Uganda na Kongo kwa kubishana na Wakongo. Ndiyo sababu Kiswahili changu kina amri nyingi na adabu kidogo. Nyumbani tunasema Kikonzo, lakini haya nayaandika kwa Kiswahili, kwa sababu aibu yangu ilitendeka kwa Kiswahili. Nilimtukana mtu kwa Kiswahili na soko lote likanisikia.

Nina mjukuu wa kike, binti wa mwanangu anayefanya kazi kwenye kiwanda cha saruji. Siku za kazi anakaa kwa baba yake Kasese, anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Ijumaa anakuja kwangu mpaka Jumapili jioni. Baba yake alimnunulia kompyuta ya kubeba, iliyokwisha kutumika lakini yenye nguvu. Alipoileta nyumbani mara ya kwanza niliiona pale mezani, nyeusi, uchi kabisa, katikati ya vitambaa vyangu vyeupe. Ilinitia uchungu kama mtoto wa watu asiye na nguo.

Nikaipima. Nikaigeuza mbele na nyuma kama fundi cherehani anavyompima bibi harusi. Nikaifumia gauni la uzi wa waridi na mweupe, nikaacha nafasi ya kioo na ya vibonye. Ukingoni nikapitisha mpira wa gaguro langu la zamani ili lishike. Huko chini na ubavuni niliona vitundu vidogo vidogo, vimepangwa kama vya kichungi cha chai. Nikasema moyoni, hawa walioitengeneza hawajawahi kuona vumbi la Bwera wakati wa kiangazi, malori ya Kongo yakipita. Nikavifunika vyote kwa maua, uzi maradufu, nikabana sana.

Mjukuu alipoliona aliigeuza mashine, akagusa maua ya chini. Kisha akasema, "Asante jajja. Ni zuri." Jajja ndiyo bibi, ndivyo anavyoniita.

Majirani walikuja kulitazama. Yule muuza vitunguu anayekaa karibu nami sokoni alisema hajaona kompyuta yenye heshima kama ile. Nilitembea wiki nzima shingo juu.

Sasa, chuoni wakamwambia aongeze mfumo wa pili. Mfumo, alivyonieleza, ndiyo ile roho inayoamsha chuma na kuviambia vibonye na kioo vifanye nini. Mmoja ilikuja nao. Wa pili ulitakiwa kwa kazi ya ramani: walikuwa wakichora mashamba ya kahawa ya Maliba kwa picha zilizopigwa kutoka juu, na programu zao zilitaka mfumo huo mwingine. Basi ghala ya kompyuta inakatwa pande mbili, kila mfumo unapewa chumba chake. Ukiwasha, mashine inakuuliza leo unaingia kwa nani.

"Kumbe ni wake wawili," nikasema.

"Karibu hivyo, jajja. Ila hawaamki pamoja."

"Baba yangu alikuwa na wawili. Najua habari zake. Mmoja atafanya kazi, mwingine atalala."

Kijana aliyeuweka mfumo huo wa pili alikuwa fundi Mkongo. Alikuwa na meza yake kwenye baraza ya duka moja, mbele ya wabadilisha pesa, na bodaboda wanaegesha pale pale. Alikimbia vita kutoka Beni. Angekuwa Mnande ningesema ni ndugu yetu, angekuwa na shangazi mtaani wa kumtetea, maana lugha ni moja. Lakini wazazi wake walitoka mbali, upande wa Kisangani, na lugha yake ilikuwa Kiswahili tu. Alikuwa peke yake. Alichokuwa nacho Bwera ni ile meza, bisibisi zake, na watu kumuamini na simu zao. Mtu wa namna hiyo, ukimwondolea jina, umemwondolea na chakula. Hilo nililijua vizuri. Nataka mjue kwamba nililijua.

Mfumo wa pili ulipoingia, shida ikaanza. Mjukuu akiingia kwenye ule wa kwanza kuandika barua au kusoma, mashine inakwenda. Akiingia kwa mke mdogo, mashine inaanza vizuri, mbio, kisha inachoka. Nilikuwa nakaa pembeni yake na uzi wangu, natazama milima ya Maliba ikijichora kwenye kioo. Mlima unakuja nusu, unasimama. Mto unafika katikati ya bonde, unasimama. Mimi na miguu yangu mibovu ningefika Maliba na kurudi.

Mjukuu alihangaika nao. Alifunga programu zote asizozihitaji. Alibadilisha mpango wa umeme, akauambia usibane matumizi. Alijaribu chaja nyingine. Alifungua dirisha moja lenye mistari inayopanda na kushuka, akanionyesha kwa kidole.

"Hii ndiyo prosesa, jajja. Ubongo wake. Ona, inaanza juu kabisa. Sasa ngoja." Tukangoja. Mstari ukaanguka, ukabaki chini ukitambaa kama konokono. "Ona. Imejipunguza."

"Kwa nini?"

"Bado natafuta."

Nikaweka kiganja juu ya mashine. Ilikuwa ya moto kama kikaango cha chapati. Nikasema ina homa, na meza yangu itaungua. Nikaenda chumbani, nikaleta kitambaa kingine, cha sufu, kizito, nikakiweka chini yake.

Mjukuu alifungua mdomo. "Jajja..."

"Nini?"

Aliutazama uso wangu. "Hapana. Asante, jajja."

Mwezi ule ulipita hivyo. Nikimuuliza, "Na huko Kasese inafanyaje?" anasema, "Kule inajitahidi," huku anatazama ukutani. Mimi sikuuliza kwa nini ijitahidi Kasese na ilale Bwera. Nilidhani ni umeme.

Ijumaa moja aliiteremsha kwenye bega na kuipeleka tena kwa fundi, kabla hajafika hata kunisalimia. Mimi nilikuwa kwenye chumvi yangu, ng'ambo ya njia. Nikawaona wameinamisha vichwa. Fundi alishika ukingo wa gauni langu, akaingiza kidole, akalivuta kidogo, akasema neno. Mjukuu akatikisa kichwa haraka haraka, akatazama upande wangu. Wote wawili wakatazama upande wangu. Nikasimama niende nikasikie. Nilipofika walikuwa wanazungumza juu ya mvua.

"Mnasema nini?"

"Salamu tu, mama muzee," fundi akasema. "Wewe iko muzima?"

"Mashine imekuwaje?"

"Tunaangalia. Nimeitilia kaprogramu kadogo ka kuamusha feni. Itakuwa muzuri pole pole."

Hakunitazama machoni. Mimi nimelala kambini miaka mingi, najua mtu anayeficha kitu. Nikarudi kwenye kiti changu nikiwa nimemeza kaa la moto.

Muuza vitunguu alisogea. "Wewe hujui hawa mafundi? Unampa simu nzima, anakurudishia ngozi. Vya ndani vimekwenda Kongo. Shemeji yangu alitolewa kioo kizuri, akawekewa cha karatasi."

"Na kompyuta?"

"Kompyuta ndiyo nyama tamu! Ule ubongo unang'olewa, unawekwa wa mashine mbovu. Utaona tu inachoka."

Inachoka. Neno hilo likaingia kwangu likapata kiti. Mjukuu wangu alikuwa amenionyesha kwa kidole ubongo ukianguka. Na nani alikuwa ameifungua mashine? Mmoja tu.

Sikumuuliza mjukuu. Hapo ndipo pa kwanza pa kunionea haya. Nilikuwa na mtoto aliyesomea kitu hicho hicho, analala chini ya paa langu, nikamuamini mtu wa vitunguu.

Wiki iliyofuata mjukuu aliiacha kompyuta kwangu. Alisema wana mitihani ya kuandika kwa kalamu, hataihitaji, na Ijumaa atarudi. Ijumaa ni siku ya soko. Asubuhi nikaibeba ile mashine ndani ya gauni lake, kifuani kama mtoto, nikavuka njia. Baraza ilikuwa imejaa. Wanawake wa ng'ambo ya mpaka na mabeseni vichwani, wabadilisha pesa, vijana wa bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao wakitafuna mihogo. Nikaiweka juu ya meza yake, nikasema kwa ile sauti ya kambini:

"Rudisha ubongo wa mtoto wangu!"

Fundi alikuwa ameshika simu ya mtu. Akaiweka chini taratibu. "Mama?"

"Usiniite mama. Ulifungua mashine hii. Ukatoa kizima, ukatia kibovu. Mwizi!"

Neno hilo likisemwa sokoni halirudi kimya. Vijana wa bodaboda waliteremka. Mwanamke mwenye simu yake pale mezani akainyakua akaitia kwenye nguo. Halafu mwingine akaitaka yake. Halafu mwingine.

"Na mimi betri yangu inaisha mbio tangu uishike!"

"Fungua tuone!"

"Hawa tunawapokea, wanatuibia!"

"Mama, apana," fundi akasema. "Mimi sikuiba kitu. Kila kitu iko mule mule. Uliza mutoto yako."

"Mtoto wangu umemdanganya. Fungua hapa, mbele ya watu!"

Akachukua bisibisi. Akaigeuza mashine kichwa chini. Pale chini palikuwa na maua yangu ya waridi, yamebana, hayaachi hata nafasi ya sindano. Ili azifikie skrubu ilibidi avue gauni. Akatia vidole viwili kwenye ule mpira. Kisha akanitazama. Nauona uso ule mpaka leo. Sikuelewa kwa nini mtu anayeitwa mwizi ananitazama kama vile mimi ndiye ninayetaka kuanguka shimoni.

Akatoa vidole. Akaweka bisibisi mezani.

"Siifungui," akasema. "Tungoje mutoto."

Ah! Soko lilinguruma. Mtu asiye na kosa angekataa kufungua? Kijana mmoja wa bodaboda akalipiga teke sanduku la vifaa, skrubu zikamwagika barazani, zikaviringika mpaka barabarani. Mwenye duka akatoka, mtu mnene mwenye kupenda amani ya biashara yake, akasema, "Toa meza yako hapa. Leo leo. Sitaki wezi kwenye baraza yangu." Mtu akamshika fundi shati. Na mimi nilisimama pale na mikono kiunoni. Nilijisikia vizuri. Sitawaficha: nilijisikia vizuri sana.

Afande wa zamu ya soko akaja akisukuma watu. "Nini hapa? Ondoka! Wewe, achia shati! Wewe mama, sema!"

Nikasema. Nilisema vizuri, kwa mpango, na mahali pa ubongo niligonga kichwa changu kwa kidole ili aelewe.

"Wewe kijana, fungua," afande akasema.

"Afande, siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Fundi akainamisha kichwa. "Sitaki."

"Basi twende kituoni." Akamshika mkono.

Hapo ndipo nikasikia sauti ya mjukuu wangu. Alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kutoka Kasese, begi bado mgongoni, anakimbia katikati ya vitunguu na samaki wakavu wa watu. Alikuwa analia tayari. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kusimama mbele ya fundi.

"Jajja, nini umefanya? Jajja!"

"Nimemkamata mwizi wako."

"Hakuiba kitu! Ni nguo, jajja! Ni nguo yako!"

Sikuelewa. Hakuna aliyeelewa. Akaishika mashine na kuligeuza lile gauni juu chini, akaonyesha maua, na maneno yakamtoka kama maji ya mfereji uliopasuka.

"Hapa ndipo inapumulia. Hivi vitundu ndiyo pua zake. Umeziziba! Ule mfumo wa kwanza ulikuja na programu ya walioitengeneza, inawahi kusukuma feni, na mimi huko naandika barua tu, haipati moto mwingi. Mfumo wa pili hauna programu ile, na hii ndogo ya fundi haitoshi, feni inachelewa, na kazi ya ramani ni nzito. Moto unapanda, hauna pa kutokea, basi prosesa inajipunguza yenyewe ili isiungue. Kasese nalivua gauni, inakwenda mbio. Nikifika Kikorongo, njiani kuja huku, nalivika tena, ili ulikute."

Akalivua. Lilitoka kwa shida, mpira ukilia. Afande akasema, "Washa." Akaiwasha juu ya ile meza, akaingia kwa mfumo wa pili, akafungua lile dirisha la mistari na milima ya Maliba. Watu walisogea mpaka pumzi zao zikanigusa shingoni. Mstari ukapanda. Tukangoja uanguke. Feni ikaanza kulia, ikatoa hewa ya moto na manyoya madogo ya uzi wa waridi, yakaruka mbele ya macho ya watu wote. Mstari ukabaki juu. Mlima ukaja mzima, na mto wake, na mashamba.

"Mbona iko sawa?" afande akasema.

Kisha kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Kumbe bibi aliivalisha sweta kompyuta akataka ikimbie!" na baraza nzima ikapasuka kwa kicheko. Muuza vitunguu alicheka kuliko wote.

Fundi hakucheka. Alikuwa amepiga magoti, anaokota skrubu.

Nikamuuliza mjukuu, "Na yeye alijua?"

"Alijua tangu Ijumaa ile uliyotuona tukizungumza. Alisema, mwambie jajja yako, ni jambo dogo. Mimi ndiye nilimuomba asiseme. Nilimwambia, jajja ukimwambia kitu chake kibaya, hutamsikia tena akisema na wewe. Akaniahidi."

Basi alikuwa tayari kwenda kituoni kwa ahadi ya kulinda kitambaa changu.

Nilichukua gauni, nikaenda nyumbani. Chumvi niliiacha pale pale, atakayeiba aibe.

Mjukuu alinikuta nimekaa mezani. Nilitaka kumgombeza, ulimi ulikuwa tayari. Nikauliza badala yake, "Kwa nini hukuniambia?"

Akakaa mbali kidogo. "Jajja, shangazi yuko wapi?"

Shangazi yake, binti yangu wa mwisho, alisema siku moja mbele ya wageni kwamba chai yangu ni nyepesi. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Ameolewa Kabatoro, ni karibu tu, na haji. Akija mjini anapita kwa kaka yake Kasese, ananitumia salamu.

"Sisi wote tunajua," mjukuu akasema. "Baba anajua. Ukipika, tunakula. Ukifuma, tunavaa. Hatusemi."

Nilitazama vitambaa vyangu, kila kiti, redio, mtungi. Nikafikiri juu ya wageni wote waliosema nyumba inapendeza, na mimi niliyekuwa nikingoja waseme. Sijawahi kuona haya namna ile, hata siku niliyoanguka kanisani. Kanisani nilianguka mbele ya watu wasio wangu.

Wiki iliyofuata meza ya fundi haikuwepo. Mwenye duka alikuwa amempa mahali pake mtu wa kuuza vocha. Nikamwendea.

"Mrudishe yule kijana."

"Mama, mimi sina neno naye. Lakini watu bado wanasema. Nusu walikusikia wewe ukimwita mwizi, wakaondoka kabla ya kusikia mengine. Wateja wakiona meza yake wataniuliza nimefuga nini. Jina likishachafuka..." Akapandisha mabega.

"Nani alilichafua?"

Akatazama chini. Naye pia alikuwa ananiogopa.

"Sema!"

"Wewe, mama."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kunijibu hivyo. Iliuma, lakini ilikuwa kama kung'olewa jino.

Ijumaa niliamka, nikachukua kiti changu na gunia langu la chumvi, nikavuka njia, nikakaa kwenye baraza ile, karibu na mtu wa vocha. Gauni la waridi nikalitandika mapajani, watu walione. Kila aliyekuja na simu iliyokufa akauliza fundi yuko wapi, nilimjibu kwa sauti ile ile ya kambini:

"Hayupo. Mimi nilimwita mwizi. Hakuiba. Niliziba pua za kompyuta kwa nguo hii, halafu nikamtukana yeye."

Wengine walicheka. Wengine walidhani nimechanganyikiwa. Mwanamke mmoja wa ng'ambo alinisogelea akasema kwa upole, "Mama, bisha kwa mulango ya nyumba yake, usijivue nguo sokoni." Nikamwambia, nilimvua yeye sokoni, siyo mlangoni kwake. Nilisema mpaka koo likawa kama msasa. Kijana yule wa sweta alikuja makusudi na wenzake, akauliza huku anashika mbavu, "Bibi, eti fundi yuko wapi?" Nikamjibu yote tangu mwanzo, neno kwa neno. Akauliza tena. Nikajibu tena. Mara ya tatu hakucheka, akaondoka akitazama viatu vyake. Jioni alirudi na skrubu kiganjani, alizookota barabarani siku ile.

"Mpe akija," akasema.

Nilirudi Ijumaa nyingine, na nyingine. Mtu wa vocha alichoka kunisikia, akasogeza kibanda chake bila kuambiwa. Watu wakaanza wenyewe kumjibu anayeuliza: hakuiba, ni habari ya yule mama wa nguo. Mwenye duka alisimama mlangoni siku moja akasikiliza, kisha akasema, "Basi mwambie alete meza."

Sikujua anakaa wapi. Mjukuu alijua. Tulimkuta nyuma ya hospitali, anapasua kuni za mtu. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Nikampa zile skrubu zimefungwa kwenye karatasi, nikasema, "Baraza iko wazi. Nilikukosea."

Akazihesabu kwa kidole. "Nasikia uliimba wimbo yangu Ijumaa zote," akasema. "Batu bananiambia. Mama, ilitosha ile ya kwanza."

"Haikutosha."

"Ile nguo uliitupa?"

"Nimeifumua. Nimebaki na uzi."

Akatabasamu kidogo sana. "Ilikuwa nguo muzuri. Kwa mutu, apana kwa mashini."

Sasa amerudi na meza yake. Wateja hawajarudi wote. Wapo wanaopita, wanaitazama meza, wanashika simu zao vizuri, wanaendelea. Hao ni wangu. Nikiwaona nasimama, nawaita, nawasimulia tena, na wengine bado hawaniamini mimi lakini wanaamini yale maneno yangu ya kwanza. Nadhani nitakufa nikisema.

Ijumaa iliyopita niliwapelekea chakula pale barazani, yeye na mjukuu wangu, ambaye alikuwa amekuja na ramani zake zilizokamilika. Maharage na mihogo, katika sufuria iliyofungwa kitambaa. Wakala. Nikasimama mbele yao kama nilivyozoea.

"Iko namna gani?"

"Iko muzuri, mama," fundi akasema.

"Nzuri, jajja," mjukuu akasema.

Wakatazamana. Niliujua mtazamo ule. Niliuona ng'ambo ya njia siku ile, vichwa vimeinama juu ya maua yangu. Nikasikia joto likinipanda shingoni, nikavuta kiti, nikakaa chini, ili nisiwe nimesimama juu yao.

"Semeni."

Mjukuu alitazama sahani. Bodaboda mmoja aliwasha pikipiki akaizima.

Fundi akameza. Akaweka kijiko. "Mama," akasema polepole, "chumvi iko mingi."

"Mingi sana," mjukuu akasema haraka, kabla woga haujamrudia.

Nikainuka kutafuta maji ya moto ya kuongeza.